Kipanga wa kijijini akifika shule ya vipaji: Nani anautazama moyo wake?

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka, baada ya matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi kutangazwa, huja orodha nyingine ambayo wazazi huisubiri kwa hamu kubwa zaidi. Ni orodha ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza pamoja na shule walizopangiwa.

Wengi hupangiwa shule za kutwa zilizomo katika kata zao. Wachache waliopata alama za juu kabisa hupelekwa katika shule za bweni ambazo Watanzania wamezizoea kwa jina la shule za vipaji maalumu. Miongoni mwake ni Ilboru ya Arusha, Mzumbe na Kilakala za Morogoro, Kibaha ya mkoani Pwani, Msalato ya Dodoma na shule mbili kongwe za Tabora, moja ya wavulana na nyingine ya wasichana.

Mtoto wa mjini akichaguliwa huko, jirani wa nyumba ya pili huenda asijue. Mtoto wa kijijini akichaguliwa, kijiji kizima hujua kabla jua halijatua. Tuichukue Kata ya Nyabibuye, iliyo katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, kwenye Wilaya ya Kakonko ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kibondo. Katika kata kama hiyo, jina la mtoto mmoja likitokea kwenye orodha huwa si lake peke yake tena. Huwa la shule yake, la mwalimu wake na la ukoo wake.

Kuanzia siku hiyo watu wazima hushughulikia godoro, sare, tranka la bati na nauli. Yote hayo ni ya lazima. Jambo ambalo halimo katika fomu ya maelekezo ya kujiunga na shule ni hali ya moyo ya mtoto mwenyewe, yaani atakavyojiona siku atakapoketi darasani na wenzake ambao kila mmoja wao alikuwa wa kwanza alikotoka.

Makala haya yanaeleza yale ambayo wanasaikolojia wameyabaini kuhusu maisha ya ndani ya watoto wenye vipaji, na kwa nini muhula wa kwanza wa kidato cha kwanza ni wakati ambao mtoto wa aina hiyo huhitaji mtu mzima wa kumsikiliza kuliko wakati mwingine wowote.

Akili ya mkubwa, moyo wa mtoto

Katika shule zetu mwanafunzi mwenye uwezo mkubwa huitwa kipanga, na asiyeelewa haraka huitwa kilaza. Majina hayo hutolewa mapema, na yakishatolewa ni vigumu kuyavua. Anayeitwa kilaza huonewa huruma angalau na mama yake. Anayeitwa kipanga huonekana kana kwamba hahitaji huruma ya mtu yeyote.

Mmoja wa watu wa kwanza kuipinga dhana hiyo alikuwa mwanasaikolojia wa Kimarekani, Leta Hollingworth, aliyefundisha katika Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, jijini New York. Kwa miaka mingi aliwafuatilia watoto ambao akili zao zilipita mbali kiwango cha umri wao. Kitabu chake kuhusu watoto hao kilichapishwa mwaka 1942, miaka mitatu baada ya kifo chake.

Hollingworth aliona kuwa shida nyingi za watoto hao hazitokani na akili yenyewe, bali na pengo. Mtoto hufikiri kama mtu mzima lakini huumia kama mtoto, na yote mawili yamo ndani ya mwili mmoja mdogo. Aliona pia kwamba mtoto aliyewazidi wenzake kwa kiasi hupata marafiki kwa urahisi na huweza hata kuwa kiongozi wao, ilhali aliyewazidi kupita kiasi hubaki mpweke, kwa kuwa mambo yanayomshughulisha hayana mtu wa rika lake wa kuyazungumza naye.

Mwaka 1991 wazazi, walimu na wanasaikolojia waliokutana mjini Columbus, Ohio, nchini Marekani, waliupa mtazamo huo maelezo mapya. Walisema kipaji kikubwa ni hali ya makuzi yasiyokwenda sambamba: akili hutangulia, hisia na mwili hufuata nyuma. Kadiri pengo linavyopanuka, ndivyo mtoto anavyohitaji malezi ya uangalifu zaidi.

Mfano wake haupo mbali. Mtoto wa miaka kumi anaweza kukokotoa hesabu za kaka yake wa kidato cha pili, kisha jioni ileile akalia kwa uchungu kwa sababu amenyang'anywa mpira wa makaratasi. Mkubwa humwambia, "Na akili zako zote hizo unalia?" Hajui kuwa kwa mtoto huyo hakuna ukinzani wowote kati ya hesabu na machozi.

Kwa watoto wa nyanda za juu za Kigoma yapo na maswali mengine mazito zaidi. Mkoa huo umepokea wakimbizi kwa miongo mingi. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilianza kupokea Wakongo mwaka 1996, na wimbi la Warundi la mwaka 2015 lilifuatiwa na matumizi ya kambi za Nduta wilayani Kibondo na Mtendeli wilayani Kakonko. Mtoto mwenye fikra pevu anayekulia katika mazingira hayo huuliza kwa nini watu hukimbia makwao, kama na hapa yanaweza kutokea, na kwa nini wengine hula mara moja kwa siku. Akijibiwa kwamba hayo si mambo ya watoto, haachi kuyafikiri. Huacha kuuliza tu.

Si ugonjwa

Hata hivyo, ni makosa kudhani kwamba akili nyingi ni maradhi. Mwaka 1921 mwanasaikolojia Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuwafuatilia watoto zaidi ya 1,500 wa California waliopata alama za juu katika vipimo vya akili. Wakati huo watu wengi waliamini kuwa mtoto mwenye akili sana huwa dhaifu wa mwili na mwenye tabia za ajabu. Terman alikuta kinyume chake. Kwa ujumla watoto wale walikuwa na afya njema na walijimudu vizuri maishani.

Utafiti huohuo una funzo jingine. Miongoni mwa watoto waliopimwa na kuachwa kwa sababu alama zao hazikutosha walikuwamo William Shockley na Luis Alvarez. Wote wawili baadaye walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, Shockley mwaka 1956 na Alvarez mwaka 1968.

Mafunzo mawili yanapatikana hapo. La kwanza, kipaji peke yake hakimvunji mtoto. Kinachomvunja ni mazingira yasiyomwelewa. La pili, kipimo chochote, hata kile cha wataalamu, huacha vipaji nje ya mlango.

Safari yenye lugha tatu

Hebu tumfikirie mtoto wa miaka 13 au 14 anayetoka Nyabibuye kwenda Mzumbe au Kilakala. Basi litapita Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida na Dodoma kabla ya kuufikia Mkoa wa Morogoro. Kwa wengi wa rika lake hiyo ni safari ya kwanza nje ya mkoa. Akishafika, wanafunzi wa bweni hawaruhusiwi kumiliki simu, hivyo sauti ya mama hupatikana kwa kuomba simu ya mwalimu. Siku ya wazazi kutembelea shule, watakaokuja na chakula cha nyumbani ni wale wanaoishi karibu au wenye uwezo wa nauli.

Ada ya sekondari za serikali ilifutwa kuanzia mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 kwa kidato cha tano na cha sita. Hiyo ni nafuu kubwa kwa familia za wakulima. Lakini kufutwa kwa ada hakujafupisha barabara, na mtoto asiye na nauli ya likizo hukaa miezi mingi bila kuiona familia yake.

Kizuizi kikubwa zaidi ni lugha. Nyumbani mtoto huyu huzungumza Kiha. Shule ya msingi alifundishwa kwa Kiswahili na mtihani wa darasa la saba aliufanya kwa Kiswahili, isipokuwa somo la Kiingereza. Sekondari, masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza. Kando yake ameketi mwenzake aliyesoma shule ya msingi ya binafsi ambako Kiingereza kilitumika tangu darasa la kwanza.

Mtoto aliyezoea kunyosha mkono kabla swali halijakamilika sasa analijua jibu lakini hana maneno ya kulitoa. Akijaribu na kukosea, darasa hucheka. Akinyamaza, mwalimu huandika kwenye ripoti kwamba ni mpole na mtiifu. Kumbe upole huo ni mtoto aliyejifungia ndani ya nafsi yake.

Si jambo geni. Mwalimu Julius Nyerere alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12, akitoka katika nyumba ya Kizanaki, na mwaka 1937 akaenda Tabora, shule iliyokuwa ikiwaandaa hasa watoto wa machifu. Kila aliyepita njia hiyo ya mbali alilazimika kuacha lugha na watu wake ili aendelee. Sisi husimulia alichokuwa baadaye. Ni mara chache tunamkumbuka kijana aliyekuwa njiani.

Wa kwanza anapokuwa wa thelathini

Pigo kubwa huja na matokeo ya mtihani wa kwanza. Mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza kwa miaka saba mfululizo anajikuta wa thelathini. Hajapungukiwa na akili hata chembe. Kilichobadilika ni watu anaojilinganisha nao.

Hali hii imechunguzwa kwa kina na mwanasaikolojia Herbert Marsh, ambaye tangu miaka ya 1980 ameifananisha na samaki mkubwa aliyezoea dimbwi dogo. Samaki yuleyule akihamishiwa ziwani hujiona mdogo. Marsh alionyesha kuwa wanafunzi wawili wenye uwezo sawa hujithamini tofauti: aliye katika shule ya kawaida hujiona hodari, aliye katika shule ya waliochujwa hujiona wa kawaida au hata dhaifu. Mwaka 2003, yeye na mwenzake Kit-Tai Hau walichapisha matokeo ya uchambuzi uliohusisha nchi 26, na mwelekeo ulikuwa huohuo.

Kwa mtu mzima hilo ni jambo la kuzoea. Kwa mtoto wa miaka 14 ambaye tangu akiwa mdogo jibu la swali "Wewe ni nani?" lilikuwa "Ni yule wa kwanza," ni kama kupoteza jina. Wengine huitikia kwa kukaza msuli hadi usiku wa manane, taa zikishazimwa. Wengine huacha kujaribu, kwa hoja kwamba asiyejaribu hashindwi. Wengine huanza kuficha karatasi za mitihani, na wapo wanaoangalizia kwa jirani, jambo ambalo kule kijijini hawakuwahi kulihitaji.

Upangaji wa nafasi huzidisha maumivu hayo. Katika ngazi ya taifa Baraza la Mitihani la Tanzania lilichukua hatua Januari 2023, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022 bila kutaja shule bora wala wanafunzi bora kitaifa, kama ilivyokuwa desturi. Ndani ya shule nyingi, hata hivyo, orodha ya kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho bado hubandikwa ukutani mbele ya kila mpita njia.

Sifa zinazodhuru

Wazazi na walimu wengi hudhani dawa ya mtoto aliyevunjika moyo ni kumkumbusha kuwa ana akili. Utafiti unaonyesha kuwa sifa hiyo inaweza kuwa sehemu ya tatizo.

Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck, wakiwa Chuo Kikuu cha Columbia, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa watoto wa darasa la tano. Watoto walipewa mafumbo mepesi, na baada ya kufaulu baadhi yao wakasifiwa kwa akili zao na wengine kwa juhudi zao. Kisha wakapewa mafumbo magumu ambayo wengi waliyashindwa, na mwishoni wakapewa tena mepesi.

Waliosifiwa kwa juhudi walifanya vizuri zaidi kuliko mwanzo. Waliosifiwa kwa akili walishuka. Walipenda zaidi kazi nyepesi ambazo zisingewaaibisha, na walipoombwa kuwaandikia wenzao alama walizopata, wengi zaidi miongoni mwao walidanganya.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Mtoto aliyeambiwa miaka yote kwamba anafaulu kwa sababu ana akili, siku akishindwa atafanya hesabu hiyohiyo kwa kuigeuza: nimeshindwa, basi sina akili. Aliyeambiwa kwamba anafaulu kwa sababu anajituma, siku akishindwa atajua la kufanya kesho.

Fizikia ya Mpemba

Iwapo kuna kisa cha Kitanzania kinachoonyesha gharama ya kumcheka mwanafunzi anayefikiri, ni cha Erasto Mpemba.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na kuchanganywa na sukari, na walitakiwa kuyaacha yapoe kabla ya kuyaweka katika jokofu. Akihofia kukosa nafasi, Mpemba aliyaweka yakiwa bado ya moto. Yake yaliganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa bila kuchemshwa.

Alipomuuliza mwalimu wa fizikia sababu yake, aliambiwa kuwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Mwalimu alijibu kwa kejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Kwa maelezo ya Mpemba mwenyewe, kejeli hiyo iligeuka wimbo wa darasa. Kila alipokosea jambo lolote, wenzake walilitaja kuwa ni la Mpemba.

Kilichomwokoa ni mtu mzima mmoja. Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati huo, alipoitembelea shule hiyo, Mpemba alimuuliza swali lilelile. Wanafunzi walicheka. Osborne hakucheka, aliahidi kulijaribu, na alilijaribu. Mwaka 1969 majina yao mawili, la mwanafunzi na la mhadhiri, yalitokea pamoja katika jarida la Physics Education la Uingereza.

Leo wanasayansi duniani huliita jambo hilo kwa jina la Mpemba, na wanaendelea kubishana kuhusu chanzo chake na hata kama hutokea kila mara. Lakini kwa mada yetu, suala la maji na barafu si kubwa kama hili: kwa muda mrefu kijana huyo alibeba peke yake jambo aliloliona kwa macho yake, akichekwa na waliokuwa karibu naye zaidi. Ni vipanga wangapi walionyamaza kabla hawajakutana na Osborne wao?

Mzigo wa ukoo

Juu ya hayo yote upo mzigo wa nyumbani. Familia iliyouza mahindi, maharage au mbuzi ili kununua godoro na tranka haimdai mtoto risiti, lakini mtoto anajua gharama ilivyopatikana. Anajua wadogo zake waliobaki. Kila barua au simu humalizika kwa neno lilelile: soma kwa bidii, sisi sote tunakutegemea wewe.

Neno hilo hutoka kwenye upendo. Kwa mtoto anayefaulu ni kichocheo. Kwa mtoto aliyeshuka hadi nafasi ya thelathini hufunga mlango, kwa sababu hawezi tena kusema ukweli bila kuhisi kwamba ameusaliti ukoo mzima. Husema "Naendelea vizuri," na simu hukatwa.

Anaporudi likizo hukuta umbali mwingine. Wenzake aliosoma nao wamebaki katika shule ya kata au wako shambani. Akiongea kama alivyozoea bwenini huambiwa anaringa. Akinyamaza huambiwa anaringa vilevile. Bwenini alionekana wa shamba, kijijini anaonekana wa mjini.

Msichana hubeba zaidi

Kwa msichana hesabu hii ina tarakimu za ziada. Vyombo vya habari nchini vimeripoti mara kadhaa, kutoka mikoa tofauti, visa vya wasichana walioshauriwa au kulazimishwa na wazazi wao kujifelisha mtihani wa darasa la saba ili waolewe au wapelekwe kufanya kazi za ndani. Anayejifelisha hutakiwa kwanza kulijua jibu sahihi, kisha aandike lisilo sahihi. Hakuna mfano ulio wazi zaidi wa mtoto kulazimishwa kuificha akili yake.

Hata asipofikishwa huko, msichana hodari wa hisabati hufundishwa mapema, kwa utani na kwa macho ya watu, kwamba kuwazidi wavulana si adabu. Hujifunza kusubiri mwingine ajibu. Shule za wasichana kama Msalato, Kilakala na Tabora Wasichana huwaondolea sehemu ya kikwazo hicho, maana darasani hakuna mvulana wa kumpisha. Lakini ni lazima kwanza msichana afike huko.

Wanaoachwa nyuma

Mjadala wa vipaji haukamiliki bila kuwataja ambao mtihani haukuwaona. Mwaka 2002 Robert Sternberg na wenzake, wakiwamo watafiti wa Kitanzania, walichapisha utafiti waliofanya kwa watoto wa shule za vijijini karibu na Bagamoyo. Watoto walipewa majaribio ya kufikiri, kisha wakafundishwa kwa muda mfupi namna ya kuyakabili, halafu wakapimwa tena. Alama ziliongezeka, na walioongoza mwanzoni hawakuwa lazima walewale walioongoza mwishoni. Kipimo cha mara moja kilikuwa kimewaficha wengi.

Mwaka mmoja kabla, Sternberg na wenzake walikuwa wameandika kuhusu watoto wa Usenge, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya. Watoto waliojua zaidi dawa za mitishamba, maarifa yanayothaminiwa sana kijijini, hawakuwa ndio walioongoza katika vipimo vya msamiati wa shule. Mwelekeo ulikuwa wa kinyume.

Kwa hiyo katika shule ya kata iliyo jirani nawe leo yumo kipanga ambaye hakuchaguliwa kwenda popote. Mara nyingi huyo hajulikani kwa alama zake bali kwa utundu wake. Anamaliza zoezi kwa dakika tano, kisha anabaki na dakika thelathini na tano za kuchokoza wenzake. Huadhibiwa kwa kosa ambalo chanzo chake ni uchovu wa akili isiyopewa kazi.

Nini kifanyike

Mengi yanayohitajika hayasubiri bajeti mpya. La kwanza liko mikononi mwa mzazi. Badala ya kuanza na swali "Umekuwa wa ngapi?", aanze na "Umepata rafiki?" na "Nini kimekuwa kigumu?" Aseme waziwazi, tena kabla ya safari, kwamba huko aendako kila mtu alikuwa wa kwanza, hivyo kushuka nafasi si aibu na mapenzi ya nyumbani hayapimwi kwa ripoti.

Mwalimu wa shule ya msingi naye ana nafasi. Mwanafunzi anayemaliza mapema apewe swali gumu zaidi, si maswali mengi zaidi ya aina ileile, wala asigeuzwe msimamizi wa wenzake kila siku hadi wamchukie. Aonje kushindwa kidogo akiwa bado nyumbani, ambako wapo wa kumshika mkono.

Shule za bweni zinaweza kumkabidhi kila mgeni wa kidato cha kwanza kwa mwanafunzi wa kidato cha tano, ikiwezekana anayetoka mkoa wake, awe kaka au dada wa kumwendea. Zinaweza kuacha kubandika nafasi ukutani walau kwa muhula wa kwanza na kumpa kila mmoja ripoti yake mkononi. Zinaweza kumruhusu mtoto aeleze jibu kwa Kiswahili kwanza, kisha wote wasaidiane kuliweka katika Kiingereza, ili akili isizimwe na lugha.

Mwalimu wa malezi na ushauri nasaha, ambaye kwa kawaida hufundisha vipindi kama wenzake, apunguziwe vipindi. Anatakiwa kujua dalili: mtoto anayelalamikia kichwa au tumbo kila wiki bila ugonjwa kuonekana, anayeacha kula, anayekaa peke yake, anayeficha karatasi zake, anayeomba kuhamishwa bila sababu. Atakayesema kwamba afadhali asingekuwapo duniani asikemewe wala asichekwe. Asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Taifa hutumia mtihani, walimu, mabweni na fedha za umma kuwatafuta watoto hawa hadi katika kata za mbali kama Nyabibuye. Kuwapata ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kukumbuka kwamba mtoto anayeweza kutatua fumbo lililomshinda mwalimu wake bado ni mtoto, na kwamba usiku, taa za bweni zinapozimwa, anaikumbuka nyumbani kama mtoto mwingine yeyote.